Saa Zisizopatana za Posta ya Zamani

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza shajara mpya. Ile ya zamani mke wangu ameiweka chini ya mguu wa meza. Hataki kuomba radhi. Anasema meza sasa imetulia.

Leo kikao cha Chama cha Waliojitolea Ng'ambo. Jambo kubwa. Halmashauri iko tayari kutupa jengo la posta ya zamani tulifanye makumbusho ya watu waliokwenda nchi za mbali kufundisha, kutibu na kuchimba visima bila mshahara. Masharti mawili. Kwanza, sahihi mia mbili za wakazi wanaotuunga mkono. Pili, vitu arobaini vya kuonyesha, kila kimoja na kadi yake ya maelezo. Afisa Utamaduni atakagua Ijumaa ya wiki ijayo. Tukishindwa, posta inakuwa ghala la viti vibovu vya halmashauri.

Mwenyekiti wetu ni Nesi Mstaafu. Alisema atakayefanya kazi kubwa kuliko wenzake ndiye atakuwa mhifadhi na atakaa na ufunguo. Ufunguo wenyewe ni wa shaba, mrefu kama kiganja. Ameuning'iniza shingoni. Sikusikia tena lolote lililosemwa kikaoni.

Kuna kikwazo kidogo. Chama kinajua nilijitolea miaka miwili. Ukweli nauandika hapa tu, maana karatasi haina mdomo. Nilikaa siku kumi na moja. Nilikwenda kufundisha hesabu, nimebeba boksi la chaki mia moja. Nilitumia nusu ya chaki moja, kuandika jina langu ubaoni. Siku zote hizo sikubadilisha saa yangu ya mkononi. Nilikula kwa saa za nyumbani na kulala kwa saa za nyumbani, wenyeji wakidhani naumwa. Siku ya kumi na mbili nilikuwa ndani ya ndege. Kwa aibu sikuja hapa mjini. Nilijificha kwa shangazi, mji mwingine, nikamlishia kuku wake mpaka miaka miwili ikatimia. Ndipo nikajitokeza na ndevu. Watu walinipokea vizuri sana.

Mke wangu anajua. Yeye na mama yake walikuwa majirani wa shangazi. Boksi la chaki liko juu ya kabati, ndani ya mfuko, na hatulizungumzii.

Jumanne, 4 Machi

Nesi anazunguka nyumba hadi nyumba na karatasi za sahihi, akimweleza kila mtu makumbusho ni kitu gani. Kazi ya punda. Mimi natumia akili. Karatasi yangu nimeiacha kwa kinyozi, juu ya kiti cha mlangoni, kalamu nimeifunga kwa uzi. Pale watu hawakosekani kutwa nzima.

Saa nane mchana nilikuta majina sitini na matatu. Nilifurahi mpaka nikakaa nikanyolewa, na sikuwa nimekusudia.

Jumatano, 5 Machi

Kinyozi amekuja nyumbani kabla sijapiga mswaki. Kumbe watu walidhani ile karatasi ni ya foleni. Majina sitini na matatu, kila mtu na namba yake, na mimi nimeondoka na orodha. Leo wamerudi asubuhi na mapema, kila mmoja anadai ni wa tano. Mzee mmoja alijiandika mara mbili kwa sababu ana ndevu pia.

Nilipofika pale, Nesi alikuwa ameshawahi. Anawapitia mmoja mmoja kwenye mabenchi, anawaeleza, nao wanasaini kwake kwa kuwa hawana la kufanya. Sahihi zake zimefika mia moja na tisini. Zangu, kwa hesabu yake, hazipo. Nilimkumbusha kwa heshima zote kwamba hao watu nimewakusanya mimi. Alisema asante, akageuka kwa aliyefuata.

Alhamisi, 6 Machi

Vitu vimeanza kuletwa. Nimepewa zamu ya kuvipokea pale dirishani palipokuwa panauzwa stempu. Kazi yenye hadhi. Nimevaa tai.

Wa kwanza alikuja na kitu kimefungwa kwenye shuka, amekikumbatia kama mtoto mchanga. Saa ya ukutani. Zawadi ya kuagwa, ina maandishi ya shukrani kwenye uso wake. Nzuri, nikaandika kadi. Wa pili, saa ya ukutani. Wa tatu, fundi bomba mstaafu, alikuja akitazama huku na huku asije akagongwa kiwiko. Saa ya ukutani. Hadi saa kumi jioni nilikuwa na vitu thelathini na moja, na ishirini na saba kati yake vilikuwa saa za ukutani. Kumbe kokote walikokwenda, milimani, visiwani, jangwani, wenyeji waliwaaga kwa saa. Hakuna hata mmoja aliyeagwa kwa kofia. Na kila mmoja alikuja akiamini ni yeye peke yake.

Nilizitundika zote. Hapo ndipo nikaona ajabu. Hakuna saa inayopatana na mwenzake. Moja inasema saa saba, ya pembeni saa mbili, ya chini yake saa tano na nusu. Betri nzima, mishale inakwenda. Nilikaa katikati ya ukumbi nikizitazama, shingo ikaniuma.

Inayonishangaza kuliko zote imeletwa na mjane wa seremala, yule mshonaji. Marehemu mumewe alikwenda kutengeneza madawati ya shule moja ya kando ya mto. Saa yangu ya mkononi ilisema saa kumi kamili. Ile yake ilisema saa tatu kasoro dakika kumi na mbili. Naandika hapa nisisahau. Ingekuwa mbovu ningeelewa. Nimeikodolea macho saa nzima. Yangu ilipofika kumi na moja, yake ilifika nne kasoro dakika kumi na mbili. Haikupoteza hata moja. Sasa saa nzima kabisa inakosea vipi kwa uaminifu namna hiyo?

Nilimuuliza mjane. Alisema mumewe alikataza isiguswe. Akaondoka, alikuwa ameacha nguo ya mtu kwenye cherehani.

Ijumaa, 7 Machi

Kila mtu ana saa isipokuwa mimi. Nesi aliniuliza yangu iko wapi. Aliuliza kwa upole, na upole wake siupendi. Nikajibu iko nyumbani, naifuta vumbi.

Nyumbani ukutani kuna saa moja tu, ya mama mkwe. Alikuja nayo alipohamia kwetu, pamoja na mito sita na mwavuli. Ni ya kijani, duara, ina ufa mdogo kwenye namba saba. Nimeishusha alipokuwa anaoga. Kadi yake nimeiandika kwa wino mweusi: Zawadi ya wanafunzi kwa mwalimu wao mpendwa, baada ya miaka miwili ya utumishi. Neno mpendwa sikulipanga. Lilikuja lenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe ameipekua nyumba nzima. Anameza dawa zake kwa saa ile. Mke wangu alinitazama kwa jicho la pembeni, nami nikapendekeza tuchunguze chini ya kitanda. Hatimaye mama mkwe akaamua kwamba mradi mimi nina saa ya mkononi, basi mimi ndiye saa. Ananiita kila baada ya nusu saa. Naacha ninachofanya, naenda, namwambia, ananishukuru, narudi. Leo nimekwenda mara kumi na tisa.

Katikati ya safari hizo nafikiria zile saa za posta. Nimekuwa na mawazo matatu. Kwanza, uzee: wenye saa hawaoni vizuri. Lakini fundi bomba anasoma gazeti bila miwani. Pili, uvivu. Lakini Nesi si mvivu, hata mimi siwezi kumsingizia hilo, na yake iko mbele saa mbili. Tatu, ni siri ya chama na mimi nimefichwa. Hili la tatu linaninyima raha.

Jioni nikamwendea fundi bomba. Nikamuuliza kwa nini saa yake iko nyuma saa tatu. Akaniuliza mimi yangu nimeiweka saa ngapi. Nikasema saa sahihi. Akasema haya. Alilivuta lile haya mpaka nikajiona nimekosea kitu, ila sijui nini.

Jumatano, 12 Machi

Vitu vimetimia arobaini kamili, na saa ya kijani imo. Sahihi zimepita mia mbili. Imebaki kazi moja, na aliyeiona ni mimi peke yangu. Afisa ataingia akute saa ishirini na nane, kila moja na lake. Atasema watu hawa hawajui hata ni saa ngapi, jengo wataliwezaje? Wanasema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mimi nimeuliza. Sikujibiwa. Basi lawama si yangu.

Nesi aliniazima ufunguo kwa zamu ya asubuhi. Nilijifungia ndani na ngazi. Nikazirekebisha moja baada ya nyingine. Ya mjane wa seremala niliiacha mwisho. Nilisita kidogo. Nilizitazama zile dakika kumi na mbili, bado sijui zilikuwa za nini, kisha nikazisukuma.

Saa sita mchana, zote ishirini na nane zikafika sita kwa pamoja. Nne zina kengele. Nilisimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni. Sijapata kuona kazi safi namna ile. Nilipomrudishia Nesi ufunguo nilimwambia asiuzoee.

Alhamisi, 13 Machi

Sijui nianzie wapi.

Wanachama walikuja saa nne kufagia na kupanga viti. Fundi bomba aliingia wa kwanza. Alitazama ukutani, akavua kofia kama mtu aliyeingia msibani. Akauliza nani amezigusa. Nikasema mimi, nikasubiri pongezi.

Ndipo nikaelezwa. Saa zile hazikuwa zinakosea. Zilikuwa zinasema saa za kule. Kila mmoja alirudi na saa yake, akaitundika sebuleni, akaiacha iendelee na saa za mahali alikopewa. Miaka ishirini, wengine thelathini. Akibadilisha betri, anairudisha kule kule. Fundi bomba anakunywa chai ya asubuhi, anainua macho, anajua kule kisimani bado wamelala. Nesi anaosha vyombo akijua kule wodini wameshabadilishana zamu. Hawakuwahi kuambiana. Kila mmoja alidhani ule ni wazimu wake mwenyewe, mpaka walipoziona zimetundikwa pamoja wiki iliyopita, wakaelewana bila kusema. Asiyejua maana haambiwi maana, na asiyejua ni mimi.

Walianza kupanda ngazi mmoja mmoja, kila mtu na masaa yake kichwani. Mbele mbili, nyuma tatu, mbele sita na nusu. Kila aliyepanda alieleza kitu akiwa juu kule: soko lililokuwa linafungwa saa hiyo, mzee aliyekuwa anapita na mbuzi mmoja. Niliwashikia ngazi. Sikuwa na uso wa kufanya zaidi ya hapo.

Shida ikawa kwa mjane wa seremala. Aliingia na tepu ya kupimia shingoni, akatazama, akaketi kwenye benchi. Hakunilaumu. Bora angenilaumu. Alisema sababu ya saa ile anaijua. Watoto wa upande wa pili wa mto walikuwa wanasubiri mtumbwi, na wakifika kengele imeshalia, wanaadhibiwa. Mumewe ndiye aliyeitundika ile saa shuleni. Akairudisha nyuma kidogo bila kumwambia mwalimu mkuu, na kuanzia siku hiyo kengele ikawa inawasubiri watoto. Hakuna aliyejua ila watoto wenyewe. Alipoondoka wakamuaga kwa saa ile ile. Ila ilirudishwa dakika ngapi, yeye mjane hakuuliza. Kwa nini aulize, saa si ilikuwa inajua? Na wa kuulizwa sasa hayupo. Akasema haidhuru, jamani, tuendelee na kazi. Akageukia dirishani.

Moyo uliniuma, wala sioni haya kuandika. Yeye anajua kwa nini, hajui ngapi. Mimi ndiye najua ngapi.

Nilikimbia nyumbani kuichukua shajara hii. Mama mkwe aliniuliza ni saa ngapi, nikampita bila kujibu, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Posta nikasoma kwa sauti: kumi kamili, tatu kasoro dakika kumi na mbili. Nesi akataka aone kwa macho yake, maana alisema mimi na chumvi tunajuana. Nilimwonyesha mstari kwa kidole gumba. Akauchukua mkono wangu akauweka pembeni, akalichukua daftari zima. Alisoma Alhamisi. Kisha akalowesha kidole, akafunua nyuma. Jumatano. Jumanne. Jumatatu. Jasho lilinitoka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Alisoma ukurasa wote, akafunga daftari, akanirudishia. Akapanda ngazi mwenyewe akairudisha saa ya seremala, tano mbele, kumi na mbili nyuma. 

Nafuu yangu ni mwandiko. Mwandiko wangu hausomeki na mtu. Ule mstari aliusoma kwa kuwa nilikuwa nimeshautamka.

Mjane alisimama chini ya saa yake muda mrefu. Halafu akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Nikajikaza.

Ijumaa, 14 Machi

Afisa Utamaduni alifika saa tano kasoro. Mama mfupi, miwani, kalamu mbili. Alisema ana kikao saa sita. Alikagua sahihi, akaridhika. Akaanza kuhesabu vitu, kila kimoja anakigusa kwa ncha ya kalamu na kusoma kadi yake. Alipouliza kwa nini saa hazipatani, fundi bomba alimweleza. Akasimama, akazitazama upya zote, safari hii bila kalamu. Nikaona tumeshinda.

Ndipo mama mkwe akaingia na mwavuli wake. Mke wangu alikuwa amemwambia aje aone kazi ya mkwe wake. Alizunguka taratibu, akisifu. Akafika kwenye saa ya kijani. Akaugusa ule ufa kwenye namba saba. Kisha akasoma kadi kwa sauti, kwa sababu akisoma kimya haoni vizuri. Wanafunzi. Mwalimu mpendwa. Miaka miwili.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniua. Alishangaa tu, akaniuliza mbele ya watu wote, mwanangu, miaka hiyo miwili si ndiyo uliyokuwa unaniletea mayai ya shangazi yako kila Jumamosi? Akaitungua saa yake kwa mpini wa mwavuli, akaitia kwapani, akaketi.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa ukumbi wa posta.  Afisa alifuta kitu kwenye karatasi yake, akasema basi ni thelathini na tisa, na masharti ni masharti. Nilimwona mjane akitazama saa ya mumewe ukutani. Nilijua inarudi kwenye shuka, na ukumbi huu unajaa viti visivyo na miguu, kwa sababu yangu mimi.

Nesi akazungumza bila kunitazama. Alisema amesikia kuna mwanachama mwenye boksi la chaki juu ya kabati. Sijui alisikia wapi. Akaongeza kwamba kutoka hapa mpaka kwa mwanachama huyo ni dakika kumi kwa miguu, na dakika sita kwa mtu mwenye haya.

Nilitumia tano. Nilirudi tai iko mgongoni. Kadi niliiandika pale pale dirishani: Boksi la chaki 100. Zilirudi 99 na nusu. Nilikaa siku 11. Niliogopa, nikatoroka. Nikaliweka mezani, nikarudi nyuma kusubiri kuchekwa.

Afisa alisoma mara mbili. Kisha fundi bomba akasema mwezi wa kwanza alikuwa analia kila jioni nyuma ya tangi la maji, ili sauti ya maji imfiche. Mwingine akasema aliandika barua ya kujiuzulu akakosa stempu. Nesi Mstaafu, mwenyewe, akasema alifunga sanduku lake mara tatu. Wote walikuwa wanalitazama boksi langu. Afisa akaandika arobaini, akapiga mstari chini yake, akatia sahihi.

Wakati wa kuondoka Nesi aliuvua ufunguo shingoni akaniwekea kiganjani. Alisema mhifadhi ni mimi, kwa sharti moja. Nisiguse kitu chochote. Niliapa. Nilimaanisha kabisa. Nimejifunza, na nitakuwa mtu mwingine.

Jumatatu, 24 Machi

Makumbusho yana siku tisa tangu yafunguliwe. Watu wanakuja. Wanazitazama saa, wanatikisa kichwa, wanauliza za wapi. Lakini wanapokaa zaidi ni kwenye boksi langu. Wanahesabu chaki. Wananong'ona. Saa ya Nesi haipati hata nusu ya watu hao, nami simwambii, ingawa nimeweka orodha.

Leo mwalimu mmoja alisimama pale akasoma kadi, akamwambia mwenzake masikini, nusu chaki. Hilo neno masikini limenikaa kooni mchana kutwa. Mtu hawezi kutunza makumbusho akiwa anaonewa huruma ndani yake.

Nilipofunga milango nikalitafakari kwa utulivu. Sijagusa saa hata moja. Sharti lilikuwa la vitu vya makumbusho, na chaki ni zangu, nilizibeba mwenyewe kwenda na kurudi. Nimetoa thelathini na nane. Kadhaa nilizobakiza nimezisugua sakafuni kidogo ili zionekane zimetumika. Kwenye kadi, namba ya chaki zilizorudi nimeikata na kuandika sitini na moja na nusu, hesabu lazima iende sawa. Na zile siku niliziandika kwa tarakimu. Kumi na moja ni vijiti viwili tu. Nimeongeza cha tatu.

Mke wangu ameniuliza kwa nini mifuko yangu ya suruali ni myeupe. Nimesema chokaa. Mama mkwe ameniuliza ni saa ngapi, nikamwonyesha saa yake ukutani.

Nesi anakuja kesho kukagua. Sina wasiwasi. Mwandiko wangu hausomeki.